Uzoefu wangu na kituo cha uchaguzi cha mtaani kwetu, Lubumbashi: kazi ilifanyika, ila waliotufanyia hatukuwajua

Alama yangu ni mbili juu ya tano. Moja nawapa vijana waliokaa kwenye kompyuta, kwa sababu waliijua kazi yao. Ya pili natoa kwa kuwa kadi ya mpiga kura hutolewa bure na mimi kweli sikuombwa hata franka. Tatu zilizobaki nimezizuia kwa sababu moja tu: mpaka leo sijapata mtu katika kartie (mtaa) yetu wa kuniambia wale watumishi walichaguliwa na nani, kwa vigezo gani, na walikuwa wakiwajibika kwa nani.

Ninaishi komini ya Katuba, moja ya sehemu za utawala za mji wetu. Kituo chenyewe sitakitaja. Ninayoeleza ni huduma nzima nilivyoipata: kuandikishwa mwanzoni mwa 2023, kutafuta kadi nyingine baada ya ile ya kwanza kufifia, na kura ya tarehe 20 Desemba mwaka uleule. Naandika sasa kwa sababu uchaguzi mwingine mkuu unapaswa kufanyika 2028, na tayari nasikia watu wakisema hawatajisumbua kwenda kujiandikisha.

Kwa msomaji asiye wa Kongo, lazima nieleze kadi hii ni nini kwetu. Wakongomani wengi hawana kitambulisho cha taifa. Kadi ya mpiga kura ndiyo inayotumika badala yake: benki wataiomba, wanaosajili laini ya simu wataiomba, anayekupa pesa uliyotumiwa kutoka Kolwezi au Likasi ataiomba, na polisi barabarani vilevile. Kwa hiyo kwenye mistari ile hawakuwa wapenda siasa peke yao. Walikuwemo wamama wa soko la Njanja, vijana wa taksi, wazee ambao hawajapiga kura tangu 2011 na hawana mpango wa kupiga. Anayekaa nyuma ya ile meza ana mamlaka juu ya maisha yako ya kila siku, si juu ya kura yako tu. Ndiyo maana swali la nani amewekwa pale ni zito kuliko wakubwa wanavyolichukulia.

Huku kwetu, mkoa wa Haut-Katanga, uandikishaji ulianza mwishoni mwa Januari 2023, mwezi mmoja baada ya Kinshasa na mikoa ya magharibi. Januari Lubumbashi ni mvua. Tulisimama kwenye uwanja wa shule, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu, na kilichoamua nani aingie kilikuwa ni jetoni, kile kikaratasi chenye namba. Hapo ndipo mashaka yangu yalipoanza. Jetoni hazikugawanywa na mtu mwenye jile (kizibao) ya tume ya uchaguzi wala beji. Ziligawanywa na vijana ambao hakuna aliyeweza kuwatambua, waliokuwa wakiingia na kutoka ndani ya kituo kama watu wa nyumbani. Mama mmoja mbele yangu alimwuliza mmoja wao, kwa heshima kabisa, "Mwanangu, weye ni wa kazi?" Kijana alinyamaza, akaendelea kugawa. Niliona watu waliofika saa nne wakiingia kabla ya waliolala njaa wakisubiri tangu alfajiri. Kama kuna pesa iliyopita mkono kwa mkono, mimi sikuiona kwa macho yangu na sitasema niliiona. Lakini mtumishi anayejulikana kwa jina huulizwa. Kijana asiyejulikana utamshitaki kwa nani?

Ndani ya chumba hali ilikuwa nyingine kabisa, na hapa natoa sifa bila kusita. Binti aliyenipokea aliandika fishi (fomu) yangu kwa mwandiko safi, akanisomea tena: jina, jina la baba, jina la mama, mahali pa asili, tarehe ya kuzaliwa. Mwenzake akachukua alama za vidole na foto. Yaya (dada mkubwa) mmoja aliyekuwa na vidole vilivyochakaa kwa kulima, mashini ikakataa kuvisoma, wakamfuta mikono, wakarudia kwa subira mpaka ikakubali. Hakuna aliyemfokea. Mzee asiye na karatasi hata moja alishuhudiwa na majirani, kama utaratibu unavyoruhusu. Nilitoka na kadi mkononi, bado ina joto.

Kadi hiyo baada ya miezi michache ilianza kufutika. Si yangu peke yake. Malalamiko yalisikika nchi nzima, foto zinapotea, majina hayasomeki, na tume ya taifa ya uchaguzi, CENI, ikalazimika kutoa kadi mbadala kabla ya kura. Kwenye kituo nilikokwenda kutafuta yangu hakukuwa na tangazo ukutani, hakukuwa na mtu wa kueleza, na kila niliyemwuliza alinielekeza kwa "shefu" ambaye jina lake hakulijua au hakutaka kulitaja. Niliipata hatimaye. Ila nilitoka pale nikiwa nimechoka na hasira, na hasira ile haikutokana na wino. Kitu kibovu kinaweza kununuliwa na yeyote. Kilichoniuma ni kukosa mtu hata mmoja aliye tayari kusema, "Mimi ndiye ninayehusika hapa, niulize mimi."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, yaani kuajiriwa kwao.

Kazi hizi za muda zinatafutwa sana mjini kwetu. Mtu mwenye diploma anayeuza megabaiti kwenye kibanda ataziacha mara moja akapate kazi ya majuma machache yenye malipo. Mtoto wa ndugu yangu alimaliza informatiki Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Alipeleka maombi yake, na hakupata jibu lolote, hata la kumkatalia. Siwezi kusema alionewa. Huenda waliochukuliwa walimshinda kwa mbali, na nimekwisha kusifu wale nilioketi mbele yao. Tatizo ni kwamba hakuna namna ya kujua. Orodha ya waliochukuliwa hatukuiona imebandikwa mahali mtaani kwetu, alama zao hatukuziona, na nafasi ya kusema "huyu ni kada wa chama fulani, mtazameni vizuri" hatukuipewa. Basi mtaa ukajaza pengo wenyewe. Sokoni walisema, "Ile kazi balisha kugabula kwabo," yaani wamekwisha kuigawa kwa watu wao. Kanisani walihesabu majina ya ukoo. Kwenye nganda (baa) walihesabu makabila. Katika mji kama Lubumbashi, ambao bado unakumbuka jinsi Wakasai walivyofukuzwa mwanzoni mwa miaka ya 90, kuwaacha watu wahesabu makabila ya watumishi wa uchaguzi ni hatari ambayo hakuna ofisi yenye akili ingeikubali. Dawa yake haigharimu: karatasi yenye majina, elimu na namna walivyopatikana, mlangoni, wiki moja kabla ya kazi kuanza.

Wengine hapa kwetu husema mambo yangenyooka kama ofisi ingeongozwa na mtu wa kwetu. Mimi sikubaliani nao. Mwaka 2011 tume yote ya taifa iliongozwa na mchungaji Daniel Ngoy Mulunda, mtoto wa Katanga, na matokeo ya mwaka ule yalipingwa vikali na upinzani na kutiliwa mashaka na watazamaji. Asili ya kiongozi haikututengenezea imani.

Na mashaka haya hayakuzaliwa kwenye kituo chetu. Yanashuka kutoka juu. Baada ya Mulunda na wengine, alikuja Corneille Nangaa kuongoza tume, akasimamia kura ya tarehe 30 Desemba 2018 na mashini zake za kupigia kura. Machi 2019 Marekani ilimwekea vikwazo, yeye na makamu wake Norbert Basengezi, kwa tuhuma za ufisadi. Desemba 2023, siku chache kabla ya sisi kupiga kura, mtu huyohuyo alitangaza Nairobi muungano wake wa AFC, ambao umeshirikiana na waasi wa M23, na mwanzoni mwa 2025 vikosi vyao vikaingia Goma, kisha Bukavu. Nina shemeji zangu Goma. Mnapotuambia tuiamini ofisi ya uchaguzi, kumbukeni kwamba aliyekuwa mkuu wake ndiye leo anaongoza muungano unaoshika mji wanamoishi ndugu zetu.

Hata Denis Kadima, aliyeshika nafasi hiyo Oktoba 2021, aliingia wakati Kanisa Katoliki na Waprotestanti wamekataa jina lake, huku madhehebu mengine sita yakimuunga mkono. Sheria inasema tume ina wajumbe 15, wanaoletwa na walio wengi bungeni, upinzani na mashirika ya raia, na rais wa tume (mwenyekiti wake) hupendekezwa na madhehebu ya dini. Ni wazo zuri. Lakini lilipofika kwenye kuteua, wachungaji na maaskofu wenyewe hawakuelewana, na mwananchi wa Katuba aliyesikiliza redio alielewa jambo moja: kwamba hata huko juu watu wanagombania nani awekwe.

Siku ya kura nitaisimulia kwa kifupi. Ofisi yetu ya kura ilichelewa sana kufunguliwa, vifaa vilikuwa havijakamilika. Hali kama hiyo ilionekana sehemu nyingi za nchi, ndipo kura ikaendelea mpaka tarehe 21 na mahali pengine hata baada ya hapo. Nilipoingia, mashini ilifanya kazi. Niligusa namba, nikaona foto ya mgombea, karatasi ikatoka, nikaikunja na kuitia kwenye sanduku. Kidole kikatiwa wino. Sisi wa miji mikuu ya mikoa tulichagua pia washauri wa komini, kwa mara ya kwanza tangu katiba ya 2006, na mimi nilikuwa na hamu nao kuliko hata urais, kwa sababu mfereji unaojaa mbele ya nyumba yangu hautazibuliwa na rais.

Mdogo wangu alikuwa shahidi wa mgombea mmoja. Alikaa mpaka usiku, wakahesabu kwa taa ya tochi. Anasema prezida (msimamizi) wa ofisi alisoma kila karatasi kwa sauti, akaionyesha, na mashahidi wote wakatia sahihi. Namwamini mdogo wangu, na kupitia yeye namwamini yule prezida ambaye sitamjua jina. Sheria inataka matokeo ya ofisi yabandikwe nje. Asubuhi nilikwenda kusoma yetu, nikakuta karatasi imelowa mvua, nusu imechanika, na mlinzi ananiambia nisisogee. Kazi nzuri ya usiku mzima, imelindwa na mtu asiyejua kwa nini karatasi ile iko pale.

Kisha ikaja Januari 2024. CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82, wakiwemo watu wenye vyeo vikubwa serikalini, kwa udanganyifu, fujo na kushika mashini za kupigia kura kinyume cha sheria. Katika majimbo ya uchaguzi ya Masimanimba na Yakoma uchaguzi wote wa wabunge ukafutwa. Wengi walishangilia, na mimi nilifurahi kwamba kwa mara hii wakubwa waliguswa. Lakini usiku ule nilijiuliza swali ambalo bado ninalo. Mashini ya kura hufika nyumbani kwa mgombea namna gani? Inatunzwa ghalani, ina anayeipokea, ina anayetia sahihi, ina anayeisafirisha. Majina ya wagombea 82 tulisomewa yote, hadharani. Majina ya waliozitoa zile mashini mimi sikuyasikia yakisomwa vile.

Hapo ndipo zilipo zile alama tatu. Ningempa mtu yeyote anayeongoza kituo cha komini alama ya tatu kwa orodha ya watumishi iliyobandikwa mapema, ili kartie iseme neno lake. Ya nne ningeitoa kwa jina na namba ya simu ya ofisi ya msimamizi, ukutani, ili mtu anayeona jetoni inauzwa ajue pa kupiga. Ya tano ni kwa kutueleza hadharani, baada ya kura, watumishi gani walifanya makosa na walichukuliwa hatua gani, na pia ni nani walilipwa haki yao. Maana watumishi wa muda walilalamika sehemu mbalimbali kwamba malipo yao yamechelewa, na mtu aliyekopwa jasho lake ni rahisi kununuliwa mara ijayo.

Kwa wanaojiuliza kama waende au wasiende: nitakwenda. Bila ile kadi huwezi hata kupokea pesa ya mtoto wako. Ukishaipata, piga kopi siku hiyohiyo kabla haijafifia, na uandike pembeni namba ya kituo na tarehe. Wazee wenu wasiokuwa na karatasi, waende pamoja na majirani wanaowafahamu tangu zamani. Na ukipewa jetoni na mtu asiye na beji, mwulize jina lake kwa sauti, wengine wasikie.

Walioandikishwa Ruashi, Kampemba, Kenya na Annexe, ningependa kusikia yenu: je, kuna kituo hata kimoja kilichobandika majina ya watumishi wake mlangoni? Kama kipo, semeni ni wapi, nikawaonyeshe wa kwetu.