Saa za kifahari zisizojulikana sana: hivi ndo ninavyozipanga mimi

Nianze kwa kukiri tu, saa yangu ya kwanza ya hela nyingi niliinunua ili watu waione. Milimita 43, mkononi ilikaa kama mfuniko wa sufuria, nikaivaa miezi mitatu nikaiuza kwa hasara. Tangu hapo nina swali moja tu: hii saa nitaitazama hata kama sitaki kujua ni saa ngapi? Kama hapana, naiacha.

Namba moja kwangu ni Grand Seiko, ile SBGA211 inayoitwa Snowflake. Mjapani kafanya kweli hapa. Uso wake mweupe una mikwaruzo laini kama theluji iliyopulizwa na upepo, halafu mshale wa sekunde ni wa bluu na haurukiruki, unateleza tu kimyaaa, utakaa unautazama mpaka mtu akuulize kama unachelewa mahali. Ni hiyo mashine ya Spring Drive: nguvu inatoka kwenye springi kama saa ya kawaida ya kujaza, ila mwendo unadhibitiwa na kwatzi, ile fuwele ya kwenye saa za betri, na betri yenyewe haina kabisa. Ukiivua inaendelea masaa 72. Ni ya titani, nyepesi mno, siku za kwanza nilikuwa najishika mkono kuhakikisha ipo. Ubaya wake ni kufuli la mkanda, huwezi kulilegeza kidogokidogo, kukiwa na joto mkono ukavimba utalaani.

Ya pili Zenith yenye El Primero. Hiyo mashine ilitoka 1969, inapiga mara 36,000 kwa saa moja, kwa hiyo inapima mpaka sehemu ya kumi ya sekunde. Lakini mi nimeipendea kisa chake. Mwaka 1975 wenye kampuni wakaamuru saa za mashine zisitengenezwe tena, dunia imehamia kwenye betri, vifaa viuzwe kama vyuma chakavu, basi fundi mmoja, Charles Vermot, akavibeba kimyakimya akavificha darini pamoja na maelezo yake. Miaka ya themanini zilipohitajika tena vikashushwa, na baadaye hata Rolex wakaichukua mashine hiyo kwa saa yao ya Daytona. Sasa saa kama hiyo unaiachaje?

Ya tatu Reverso ya Jaeger-LeCoultre, ya 1931, ilibuniwa kwa wacheza polo ili waigeuze kioo kisipasuke. Nzuri sana ila ukiwa mtu wa kuchezeachezea vitu utaigeuza siku nzima.

Ya nne Nomos Tangente, Mjerumani wa mji wa Glashütte, milimita 35, nyembamba, unaijaza kwa mkono kila asubuhi. Kwa anayeanza ningesema aanzie hapa, mfuko hautalia sana.

Lange 1, saa ya A. Lange & Söhne, sijaipanga makusudi. Wale jamaa wanaiunga mashine, wanaifungua yote, wanaiunga tena mara ya pili. Hiyo naitazama tu dirishani.

Kabla hujalipa, usiangalie upana peke yake, pima urefu toka sikio la juu, pale mkanda unaposhikia saa, mpaka la chini, maana ndo unaoamua kama itakaa au itaning'inia. Na uliza mapema nani ataifanyia sevisi, hasa Spring Drive, mafundi wengi wakiifungua wanaifunga tu wanakurudishia.