Trei ya oveni ya kudumu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kama una oveni nyumbani, mlio huu unaujua. Umepanga viazi kwenye trei, umewasha moto, umekwenda zako sebuleni. Dakika ya nane hivi unasikia pwaa! huko jikoni, na mtoto anakimbia kuangalia nini kimeanguka. Hakuna kilichoanguka, ni trei imejikunja. Ukifungua unakuta pembe moja imenyanyuka, mafuta yote yamekimbilia upande wa pili, na viazi vya juu vinakauka huku vya chini vinaogelea.

Nimeshatupa trei nne za namna hiyo. Zote zilikuwa nyeusi, zinang'aa, zina karatasi yenye picha ya keki, na muuzaji kila mara aliniapia kwamba hazishiki kabisa. Ya mwisho haikumaliza Ramadhani moja. Tangu hapo natazama mambo mawili tu: imetengenezwa kwa madini gani, na ina unene gani.

Trei hujikunja kwa sababu chuma kikipata moto hutanuka, na ndani ya oveni moto haufiki kila mahali kwa wakati mmoja. Pale palipo na kuku aliyetoka kwenye friza panabaki baridi, pale palipo wazi panachemka. Bati jembamba halina nguvu ya kuhimili mvutano huo, basi linaruka. Nene linavumilia. Ndiyo maana mpako, hata uwe mzuri namna gani, hausaidii kitu kama kilicho chini yake ni bati la kukunjika kwa vidole.

Kabla hujatoka nyumbani, pima oveni

Jiko linaloitwa la sentimita 50 lina sentimita 50 kwa nje. Ndani ni pungufu sana. Chukua futi ya fundi cherehani, pima upana na kina pale trei itakapokaa, halafu toa sentimita 5 kwenye kila kipimo, yaani kwa upana 2.5 kushoto na 2.5 kulia, na kwa kina vivyo hivyo mbele na nyuma. Oveni ya gesi moto wake unatoka chini na lazima upande juu kwa kupitia pembeni. Ukiziba pembeni kwa trei iliyojaa ukuta hadi ukuta, chini panaungua na juu panabaki peupe. Watu wengi wanamwita fundi wa jiko kwa tatizo hili, wakati kosa ni la trei.

Hili liwafikie hasa wenye ndugu Marekani wanaoleta mizigo. Trei yao ya kawaida ya nyumbani ina inchi 13 kwa 18, karibu sentimita 33 kwa 46. Nililetewa moja, nzito, nzuri mno. Haikuingia. Sasa nabebea vikombe wageni wakija. Waambie walete ile ndogo yake, ya takriban sentimita 24 kwa 33.

Namba moja: aluminiamu tupu, nene, isiyopakwa kitu

Hii ndiyo ninayoitumia kila siku na sioni ya kuishinda. Aluminiamu husafirisha moto zaidi ya mara kumi kuliko stenlesi, kwa hiyo trei nzima inapata joto kwa karibu usawa mmoja na vileja vya pembeni haviungui kabla ya vya katikati kuiva. Haipati kutu, na sisi tunaoishi Pwani tunajua thamani ya neno hilo. Haina mpako wa kubanduka.

Unene wa kutafuta ni karibu milimita 1, usishuke chini ya 0.8. Kama boksi limeandika geji, kumbuka hesabu ya mabati ya nyumba: namba ikipungua, unene unaongezeka. Kwenye trei za aluminiamu tafuta geji 18, ikikosekana 20. Halafu tazama ukingo. Trei nzuri ukingo wake umekunjwa kuzunguka waya wa chuma, na huo waya ndio uti wa mgongo wake. Shika pembe mbili zinazotazamana, pindua kama unayekamua nguo. Ikikufuata, irudishe.

Kati ya za kutoka nje, Nordic Ware, kampuni ya Minneapolis iliyoanza 1946, wanatengeneza za namna hii. Lakini usilipie jina kabla ya kusoma sehemu ya fundi huko chini.

Kasoro zake ni mbili. Vitu vichachu huila: ndimu, ukwaju, nyanya, siki. Samaki uliyemlaza kwenye ukwaju usiku kucha usimweke moja kwa moja, tandika karatasi ya kuokea kwanza. Ya pili, vyakula vinashika usipopaka mafuta. Kwa mkate na biskuti nyunyiza na unga kidogo juu ya siagi. Na ikianza kubadilika rangi kuwa kahawia, iache hivyo hivyo. Shangazi yangu aliiona akaisugua kwa waya na majivu mpaka ikang'aa kama sinia la harusini, na wiki hiyo kila kitu kilishika.

Sumaku kwenye pochi

Dukani kila trei ya kijivu inaitwa aluminiamu. Mimi hubeba sumaku niliyoing'oa kwenye mlango wa friji bovu, maana sumaku hunasa chuma, lakini aluminiamu hainasi. Siku moja Kariakoo muuzaji ananiambia, "Dada, hii aluminiamu safi, isikie uzito wake." Nikatoa sumaku, ikanasa tap! Akacheka, akasema, "Basi dada, nikuletee nyingine."

Uzito unadanganya, na alikuwa anautegemea huo. Chuma ni kizito karibu mara tatu ya aluminiamu, kwa hiyo trei ya chuma chembamba cha nusu milimita inaweza kuwa nzito mkononi kuliko ya aluminiamu ya milimita nzima. Linganisha uzito baada ya sumaku kukuambia madini, na linganisha za madini ya aina moja.

Namba mbili: chuma kilichovikwa aluminiamu

Sumaku inanasa, rangi ni ya kijivu iliyofifia. Ndani ni chuma, juu kuna tabaka la aluminiamu. Ni imara, haijikunji ovyo, na mikate inapata ganda zuri. Nimeiweka ya pili kwa sababu tabaka likichubuka kutu inaingia, na kwa hewa ya chumvi ya Dar, Tanga au Mombasa haichukui muda. Ukiinunua, kisu kisiiguse, na ukishaiosha irudishe ndani ya oveni yenye joto la mabaki ikauke.

Namba tatu: ile uliyopewa na jiko

Trei nyeusi ya enameli, yenye kina, iliyokuja na jiko na ambayo watu wengi wanaweka chini ya sinki. Itoe. Enameli ni kama kioo kilichochomewa juu ya chuma, haiogopi ndimu wala nyanya, kwa hiyo hapo ndipo mahali pa kuku wa viungo na samaki wa ukwaju. Kwa biskuti haifai: ni nyeusi, inanyonya joto, chini panaungua mapema. Ikidondoka enameli inameguka, na palipomeguka patakula kutu.

Namba nne: stenlesi

Inapendeza, haipati kutu kirahisi, na haijali uchachu. Lakini moto unatembea ndani yake polepole, basi biskuti za nyuma zinakuwa kahawia na za mbele bado zinalia. Inafaa zaidi kugandishia sambusa kwenye friza.

Namba tano: nonstiki nyembamba

Sikatai kwamba siku za kwanza ni raha. Keki inateleza yenyewe. Lakini mpako una umri, na kwenye nyumba yenye watoto, wageni na msaidizi mwenye mapenzi na waya wa kusugulia, umri huo ni mfupi. Mpako wa aina hii huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260, na moshi wake huua ndege, kwa hiyo anayefuga kasuku karibu na jiko aache kabisa. Ukiwa huna budi, nunua nene, itumie kwa vitu vitamu tu, usipite nyuzi 220, na usifungue moto wa juu wa kuchomea.

Fundi wa bati

Oveni za mezani na majiko madogo hayana vipimo vinavyofanana, na hapa fundi anawashinda wenye viwanda. Nairobi nenda Kamukunji, Dar nenda Gerezani, ukiwa na vipimo vyako kwenye karatasi. Mwambie atumie shiti mpya ya aluminiamu ya milimita 1, akunje ukingo juu ya waya, urefu wa ukingo sentimita 2 hadi 2.5.

Simama hapo hapo anapokata, kwa sababu kuna mambo mawili usiyoyakubali. La kwanza ni kipande cha bati la kuezekea. Lile limepakwa zinki, mengine yana rangi, na zinki ikikutana na ndimu au nyanya inahamia kwenye chakula. La pili ni lehemu kwenye pembe. Ile lehemu ya kawaida ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, na wewe unaoka kwa 200. Pembe zikunjwe kama bahasha na kugongwa kwa nyundo, basi. Kama anakwambia pembe zitavuja, mjibu kwamba hutatilia supu.

Nilipokwenda kutengeneza yangu, fundi alinitazama na karatasi yangu ya sentimita 34 kwa 31 akaniuliza, "Mama, hii ni ya kuzibia tundu gani?" Nikamwambia ni ya kuokea. Akakata, akakunja, akagonga pembe nne, akaiweka chini akaisimamia kwa miguu yote miwili. Haikubonyea. Wiki iliyofuata nilirudi na vileja vyake, na vipimo vya ya pili.