Kabla Hujanunua Redio za Upepo, Tazama Swichi ya Chaneli

Mwaka jana, mvua za masika zilipokuwa zikikaribia kwisha, nilinunua redio sita za upepo, zile za mkononi za kuitana, katika duka moja hapa Nakuru kwa shilingi 9,600, kwa ajili ya kikundi chetu cha matembezi. Kwa muda wa wiki tatu niliamini kwamba nimefanya biashara nzuri. Zilishika chaji, sauti ilikuwa safi, na tulipozijaribu kati ya lango la kanisa na uwanja wa michezo hapakuwa na neno lililopotea. Kisha tukateremka nazo Menengai.

Wasiopafahamu Menengai hudhani ni shimo la kutazamwa kutoka juu. Ni bonde la volkano lenye ukubwa wa kilomita 12 kwa 8 hivi, na sakafu yake imejaa lava iliyoganda kwa matuta, vichaka vya leleshwa na mifereji ambayo mtu akiingia haonekani hata akiwa hatua hamsini mbele yako. Tulikuwa watu 14 katika makundi matatu. Kundi la mwisho liliongozwa na binti mmoja mwangalifu mno, ambaye redio yake aliitia katika mfuko wa pembeni wa begi, antena ikitokeza juu. Mnamo saa nne na nusu mzee mmoja wa kundi lake aliteguka mguu. Binti akatuita kwa redio, tusimsikie. Nasi tukamwita, asitusikie. Kwa dakika 40 tulitafutana kwa miluzi na kwa kupaza sauti, huku mzee wetu amekaa juani juu ya jiwe, mguu ukimvimba.

Tulipowapata niliichukua redio ile nikiwa na hakika kwamba betri imekwisha. Haikuwa imekwisha. Taa ya kijani ilikuwa ikiwaka na sauti ilikuwa imefunguliwa vya kutosha. Lakini juu yake, kando ya antena, swichi ndogo ya plastiki ya kuzungushwa, yenye namba 1 hadi 16, ilikuwa imesimama kwenye 8. Sisi wengine wote tulikuwa kwenye 7, na redio zilizo kwenye chaneli tofauti hazisikiani. Katika upenyo ulio chini ya swichi hiyo kulikuwa kumenasa kipande cha jani la leleshwa, la rangi ya kijivu, limechanika. Tawi moja lilikuwa limepita hapo, likaisukuma swichi hatua moja, na binti hakuwa na njia ya kujua.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue redio gani, simuulizi kwanza kuhusu wati wala kilomita. Namuuliza chaneli inabadilishwa vipi, na kama kuna kitu kinachoizuia isibadilike yenyewe. Sijawahi kukutana na muuzaji aliyeligusa jambo hili pasipo kuulizwa. Betri ikiisha utaijua, kwa kuwa redio itazima. Sauti ikikoroma utaisikia. Lakini redio iliyohama chaneli inaonekana nzima kabisa mkononi, inawaka, inaitika ukibonyeza, na humwachia anayeitumia dhana kwamba wenzake ndio waliokosea. Huo ni ubovu wa hatari zaidi kuliko kuzima, kwa sababu redio iliyozima angalau humfanya mtu aanze kutafuta njia nyingine.

Swichi ya kuzungusha si kosa kwa kila mtu. Askari wa usiku anayesimama langoni, au mwenye hoteli anayetaka kuwasiliana na jikoni, anaweza kuitumia miaka mingi bila shida. Iliwekwa juu ya redio ili mtu aweze kuhesabu hatua zake gizani kwa kidole. Shida huanza pale redio inapoingia vichakani, au katika begi lenye zipu, kamba na chupa ya maji. Ndiyo maana nasikitika kuona redio hizihizi zikiuzwa katika maboksi yenye picha ya mwindaji aliyevaa nguo za madoadoa, amejibanza porini na bunduki. Uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku Kenya mwaka wa 1977, kwa hiyo picha hiyo haimhusu mnunuzi wa Nakuru wala wa Kisumu. Tunaozinunua kwa ajili ya porini ni sisi tunaotembea Menengai, Longonot, msitu wa Kakamega na Mlima Elgon, na kwetu swichi isiyo na kizuizi haifai.

Kuhusu kilomita nitasema machache, kwa sababu maboksi yamelisema sana na kulipotosha. Mtu wa kimo cha kawaida akisimama ukingoni mwa Ziwa Victoria pale Kisumu, upeo wa maji anaouona uko umbali wa kilomita 4 na nusu hivi. Mawimbi ya redio hizi husafiri karibu kwa mstari ulionyooka kama mwanga, yakipinda kidogo tu kufuata mviringo wa dunia, kwa hiyo watu wawili walioshika redio usawa wa uso, pasipo mti wala jiwe kati yao, huanza kupotezana wakikaribia kilomita 10. Namba kama 30 au 50 hupatikana tu pale ambapo angalau mmoja wao yuko juu kileleni na hakuna kinachomkinga mwenzake. Ndani ya msitu wa Kakamega, ambako majani yaliyolowa hunywa mawimbi, ukipata kilomita moja na nusu umepata. Kuongeza wati hakusaidii sana. Kupanda juu ya jiwe au tuta kabla ya kuita kunasaidia zaidi, na hakugharimu chochote.

Sasa nije kwenye mpangilio wangu. Nafasi ya kwanza naipa Motorola Talkabout T82, na sifichi kwamba naipendelea. Haina swichi ya chaneli juu. Chaneli hubadilishwa kwa vitufe na kuonekana kwenye kioo, na vitufe hivyo vinaweza kufungwa, huku kitufe cha kuongelea kikibaki wazi. Ukishaifunga asubuhi, hakuna tawi litakaloihamisha. Nimeiweka katika mfuko uleule wa pembeni wa begi lilelile, nikapita nayo kwenye leleshwa ileile mara tano, na kila nilipoitoa namba ilikuwa pale nilipoiacha. Kwangu mimi hilo lingetosha, lakini kuna la ziada ambalo watu wa huku wataliona thamani yake: badala ya betri yake ya kuchaji unaweza kutia betri tatu za kawaida za AA, zile ndogo za saa ya ukutani, ambazo kila kiosk kati ya Nakuru na Busia kinaziuza. Inachajiwa pia kwa waya wa kawaida wa USB, kwa hivyo pawabanki ya simu inatosha. Udhaifu wake ni kwamba nguvu yake ni nusu wati tu na antena haitoki, na T82 ya kawaida inastahimili matone ya maji lakini si mvua ya Kakamega ya alasiri. Ile iitwayo T82 Extreme inavumilia zaidi. Mimi huitia ya kawaida katika mfuko mwepesi wa plastiki na kuongea nikiwa nimeishika hivyohivyo.

Ununuapo Motorola Talkabout angalia imetengenezwa kwa ajili ya soko gani. Zile za Ulaya, kama T82, zinatumia masafa (yaani namba ya mawimbi, si umbali) ya 446 MHz. Zile za Marekani zinatumia 462 na 467 MHz. Jozi aliyokuletea ndugu kutoka Marekani haitazungumza na jozi uliyoagiza kutoka Uingereza, hata kama zinafanana kwa umbo na zote zimeandikwa chaneli 5. Nimeshuhudia familia moja ikirudisha redio nzima dukani kwa madai kwamba ni mbovu, na hakuna aliyewaeleza jambo hili, muuzaji akiwemo.

Nafasi ya pili naipa Baofeng UV-5R, kwa shingo upande. Ina kioo na vitufe vya namba, na ukikandamiza kitufe cha # kwa muda vitufe hufungwa, kwa hiyo imefaulu mtihani wangu mkuu. Swichi iliyo juu ni ya sauti tu. Ikizungushwa na tawi utasikia sauti imeshuka au redio imezima, na hilo ni kosa linalojionyesha. Inapokea na kutuma katika aina mbili za masafa, na betri yake ni kubwa. Kinachonirudisha nyuma ni kwamba inamruhusu mtu yeyote kuandika masafa yoyote na kuanza kuongea, yakiwemo ya kampuni za ulinzi au ya huduma za dharura. Masafa nchini Kenya hugawiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kikundi kinachotaka redio, ya aina yoyote ile, kinapaswa kuuliza kwanza kwenye Mamlaka hiyo kinaruhusiwa kutumia masafa yapi na kama modeli inayokusudiwa imeidhinishwa, kabla ya kutoa pesa. Ukikabidhi UV-5R kwa kijana mwenye vidole vyepesi, unaweza kujikuta unajibu maswali ambayo hukuyatarajia.

Redio za kikazi zilizotumika, kwa mfano Kenwood zilizouzwa na kampuni zilizobadilisha vifaa, ni imara kuliko zote nilizozitaja, lakini nyingi zina swichi ya kuzungusha. Zinafaa tu ikiwa unaye fundi mwenye kompyuta na waya wake wa kuzipangia. Mwambie ajaze nafasi zote 16 kwa masafa yaleyale mliyoruhusiwa, ili swichi ikihama isilete madhara, au aziache nyingine tupu ili redio ilie ikifika hapo. Ni kazi ya dakika chache. Ningefurahi sana kuwaona wauzaji wenyewe wakiifanya bila kuombwa.

Za bei ya chini, kama Baofeng BF-888S na nyingi zisizo na jina zinazofanana nayo, zina swichi hiyohiyo ya namba 16 na hazina kioo. BF-888S angalau hutamka namba ya chaneli swichi inapozungushwa, jambo ambalo zile nilizonunua mimi hazikuwa nalo. Kwa lango na kwa shamba dogo, chukua. Kwa porini, sishauri.

Kuna kosa moja linalofanana na la swichi, nalo huwakuta hata wenye redio nzuri. Ni ule msimbo mdogo unaofuata namba ya chaneli, ambao maboksi huuita wa faragha. Haumzuii mtu mwingine kukusikiliza hata kidogo. Kazi yake ni kuifanya redio yako inyamaze mpaka isikie msimbo unaolingana, na matokeo yake ni kwamba aliyeuwasha hamsikii asiye nao, ilhali asiye nao anamsikia yeye vizuri. Zima misimbo kwenye redio zote kabla ya kuondoka nyumbani, isipokuwa kama mko wengi katika eneo moja na mmekubaliana.

Sasa kuhusu wauzaji. Nimezunguka maduka tisa, manne hapa Nakuru na matano Kisumu, nikiuliza swali moja tu: nikiiweka begini, chaneli haitahama? Wawili walicheka. Mmoja aliniambia, "Mama, hiyo ni redio, si simu," kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. Karibu wote walitaka nizijaribu redio mbili nikiwa nimesimama kaunta na muuzaji yuko mlangoni, umbali ambao mtu angesikika bila redio. Bei ya jozi moja ya aina moja ilitofautiana kwa zaidi ya shilingi 2,000 kati ya maduka yaliyotazamana, na pale nilipouliza sababu niliambiwa kwamba hii ni "orijino", neno ambalo hakuna aliyeweza kulithibitisha kwa risiti wala kwa karatasi ya waranti. Betri ya akiba nilikosa katika maduka saba kati ya hayo tisa. Linaloniuma zaidi ni kuambiwa kwamba boksi likishafunguliwa ni langu, kwa sababu kasoro ninayoizungumzia haiwezi kuonekana kupitia karatasi ya nailoni.

Kwa hiyo nenda na begi lako lenyewe, lile unalotembea nalo. Weka redio kwenye chaneli 7, funga vitufe kama ina njia ya kufungwa, itie katika mfuko wa pembeni, kisha uvae begi na ulivue mara tatu, ukiisugua redio kwa mkono wa sweta kama tawi linavyofanya. Itoe, uitazame namba. Muuzaji mmoja wa Kisumu, mzee mtaratibu mwenye duka dogo karibu na stendi ya mabasi, aliniruhusu nifanye hivyo kwa redio nne tofauti bila kuninunia, na mbili kati yake zikahama. Alizichukua akazitazama kwa muda, akazungusha swichi kwa kidole gumba mbele na nyuma, kisha akaziweka kwenye rafu ya chini, na jozi ya T82 nikainunua kwake.