Miezi 14 na kisu cha Mora ndani ya dau: uzoefu wangu, Lamu

Kazi yangu ni dau. Nachukua wageni gatini Lamu, twende Manda Toto au mpaka Kiwayu, tuvue, tuwashe moto ufuoni, tulale huko usiku mmoja au miwili. Katika kazi hii kisu ni kama ndoo ya kufutia maji: ukikisahau nyumbani, safari imeingia kasoro kabla hujatweka tanga.

Cha kwanza nilikinunua duka moja Mombasa, nikiwa nimevutwa na macho. Ni vile vikubwa vya kikomando: meno ya msumeno mgongoni, dira kwenye kifuniko cha mpini, na ndani ya mpini ndoana, mshipi na njiti za kiberiti. Sasa fikiria, mpini ukiwa mtupu ili ndoana zikae, chuma chenyewe kinakaa wapi? Kinashikwa na nati moja shingoni, basi. Nilikuwa Kiwayu napasua kifuu cha nazi, kikaachana: bapa likaruka mchangani, mpini ukabaki mkononi. Aliyekaa mbele yangu alikuwa kijana wa miaka kumi, mtoto wa mgeni. Mpaka leo nikikumbuka mwili hunisisimka.

Kisu cha kukunja nimewahi kuwa nacho pia. Mchanga na chumvi huingia kwenye kiungo, na wiki ya tatu unakifungua kwa meno. Ami yangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi, alikuwa ameniambia zamani: "Mwanangu, kisu cha baharini hutolewa kwa mkono mmoja. Huo mwingine umeshika demani." Demani ni kamba ya kuongozea tanga. Nilielewa msimu wa kusi, tulipokuwa tunatoka Mkanda, mkondo wa bahari kati ya Manda na bara. Upepo ulitupiga ghafla, demani ikanasa, dau likaanza kulala ubavu. Nilichomoa kisu kiunoni nikaikata kamba kwa pigo moja. Kilikuwa cha mhunzi, kilichofuliwa kwa springi ya gari, na siku ile kilifanya kazi yake.

Nakisifu kisu cha mhunzi kwa dhati. Chuma cha springi kinashika makali, kinanoleka kwa urahisi, na bei yake haimuumizi mtu. Ukiwa na shamba bara, kule Hindi au Mpeketoni, nunua hicho, upake mafuta, maisha yaendelee. Lakini juu ya maji ya chumvi kilikuwa kinaamka chekundu kila asubuhi. Kutu ikila makali unanoa, ukinoa bapa linapungua, na baada ya mwaka mmoja changu kilikuwa kimekonda kama kisu cha kumenyea maembe.

Ndipo nikamwagiza mpwa wangu aliye Mombasa anitafutie Mora Companion. Mora ni mji wa Sweden, na kiwanda chake kinahesabu historia yake tangu 1891. Kwa jumla nilitoa shilingi 3,500 pamoja na nauli ya kifurushi. Jambo moja nusura litupotezee pesa: Companion iko ya aina mbili zinazofanana kama pacha, moja ya chuma cha kaboni na moja ya chuma kisichoshika kutu upesi. Mpwa wangu alikuwa ameshaishika ile ya kaboni. Kwa mtu wa pwani, uliza hilo kwanza, kabla ya rangi na kabla ya bei.

Hiki changu bapa lake lina urefu wa sentimita 10.4 na unene wa milimita 2.5. Chuma kinaitwa 12C27, na ndani yake kuna kromiamu kiasi cha asilimia 13.5. Kromiamu hiyo hufanya utando mwembamba usioonekana juu ya chuma, na huo ndio unaozuia kutu. Chumvi ikikaa muda mrefu huutoboa, vikatokea vidoa. Kwa hiyo jioni nakisuuza kwa maji baridi ya mtungini, nakipangusa, na ala nayo naisuuza. Ala ni ya plastiki yenye tundu chini, maji yanatoka. Ala ya ngozi inapendeza zaidi, na Siyu kuna sifa ya zamani ya kazi ya ngozi, lakini ngozi hunywa maji ya bahari na kuyahifadhi dhidi ya chuma usiku kucha. Miezi 14 sasa, bapa bado jeupe.

Makali ndiyo yaliyonifanya niandike. Kila upande una mteremko mmoja tu, mpana, unaofika moja kwa moja kwenye makali. Ukikilaza juu ya kinoo, mteremko wenyewe unakaa sawa na jiwe. Mkono hauhitaji kukisia pembe. Hata mwanangu ameweza. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kunoa kisu na kumpumzisha mnyama tunapochinja, na kuku wa wageni wote nimewachinja kwa hiki bila kurudia. Idi Kubwa nilichunia mbuzi. Kumchinja tulitumia kirefu zaidi, maana sentimita kumi kwa shingo ya mbuzi ni fupi. Samaki, kuanzia changu mpaka kolekole, nawapara kwa mgongo wake na kuwatumbua kwa ncha. Mpini una mpira, na utelezi wa samaki haujawahi kunitoa mkono.

Mipaka yake ijulikane. Mkia wa chuma, yaani sehemu inayoingia ndani ya mpini, hauufikii mwisho wake, kwa hiyo si kisu cha kugongea kwa gogo ili upasue kuni, wala cha kung'olea chaza mwambani. Dafu ni kazi ya panga. Kuni za mvinje nazichonga vinyweleo vya kuwashia moto, na hapo kinafurahisha kweli. Mpini hauna tundu la kamba. Nilitoboa mwishoni kwa msumari wa moto, nikapitisha uzi wa nyavu, maana kikianguka Mkanda hakirudi.

Cha mwisho ni njia. Barabara ya Garsen hadi Lamu ina vizuizi vya polisi, na hakuna anayependa kukuta kisu kiunoni mwa abiria. Mpwa wangu alikituma ndani ya boksi lake, na risiti juu yake. Ukija kwa ndege Manda, kiwe kwenye mzigo unaopimwa, si begi la mkononi.

Ami alikishika juzi, akakata nywele za mkono wake, akanyamaza. Kisha akaniuliza kama cha rangi ya chungwa kama changu bado kipo. Nimeshamtumia mpwa pesa.