Mapambo ya harusi yenye sura ya jangwa: nini ununue kwanza, nini ukodi, nini uache

Watu wengi wakishaamua kuwa harusi yao itakuwa na sura ya jangwa, mbio za kwanza huwa za kaktasi. Kwenye orodha yangu kaktasi inashika nafasi ya tatu. Kinachovutia jangwani ni mwanga, rangi za udongo na nafasi iliyo wazi, na ukumbi uliosheheni miiba, mafuvu ya ng'ombe na ngamia wa plastiki hauna hata kimoja kati ya hivyo. Kwa hiyo nimepanga vitu kwa kuangalia kipi kinabadilisha ukumbi zaidi kwa fedha ileile, na kipi ukikikosa hakuna mgeni atakayejua.

Kwanza chagua jangwa moja, maana majangwa hayafanani. Mchanga wa Namib, jangwa la pwani ya Namibia, ni mwekundu kwa sababu ya kutu ya chuma iliyozigandia chembe zake, na pale Deadvlei, bonde la udongo mkavu ndani yake, kuna miti iliyokufa karne nyingi zilizopita ikabaki imesimama, mikavu na myeusi. Hapo una rangi tatu tayari: nyekundu ya tofali, nyeupe ya udongo mkavu na nyeusi. Sahara inaleta hema, mazulia na kandili za shaba. Sonora, lililo mpakani mwa Marekani na Meksiko, ndiko inakoota saguaro, ile kaktasi ndefu yenye mikono ambayo picha zote za jangwa huipenda. Karibu kaktasi zote asili yake ni Amerika, hivyo saguaro mbele ya hema la Kisahara ni mabara mawili yaliyogongana. Ukitaka mimea yenye miiba na sura ya Afrika, tafuta jamii ya mnyaa na jamii ya shubiri.

Nafasi ya 1: mwanga

Hapa ndipo pa kuweka fungu kubwa, hata kama itabidi upunguze maua. Jua likikaribia kuzama jangwani, kila kitu hugeuka rangi ya dhahabu kwa muda mfupi, na hali hiyo unaweza kuileta ukumbini kwa taa tu. Soma namba ya kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, kwenye boksi la taa: 2700 au chini yake ndiyo unayoitaka. Kuanzia 4000 kwenda juu taa inakuwa na weupe wa ofisini, na kitambaa chekundu ulichokihangaikia kinaonekana kimepauka. Muulize mwenye ukumbi mapema kama taa zake kubwa za dari zinaweza kuzimwa au kupunguzwa; zikibaki zimewaka, taa zako za kamba hazitaonekana.

Baada ya taa za kamba, kandili. Chukua za bati au shaba zilizotobolewa matundu, si zile za kioo kitupu. Iweke moja juu ya kitambaa kisicho na maua uone: kila tundu linatupa nukta ya mwanga mezani, na mwali ukitikisika nukta zote zinatembea pamoja. Meza ya namna hiyo haihitaji kitu kingine kikubwa. Kandili kodi, mishumaa nunua. Kama sherehe ni ya nje, kioo cha kukinga mshumaa kiupite ncha ya mwali kwa sentimita kadhaa, la sivyo upepo utawafanya wahudumu wazunguke na viberiti usiku kucha. Mishumaa ya betri inafaa mahali pa juu na karibu na kitu chochote kikavu.

Nafasi ya 2: vitambaa na mazulia

Kitambaa ndicho kinachochukua eneo kubwa zaidi katika picha, kwa hiyo usikiachie dakika za mwisho. Kitani na pamba nzito vinashinda satini kwa mbali. Satini inang'aa, na udongo haung'ai. Chagua rangi mbili za udongo, kwa mfano rangi ya mchanga na rangi ya kutu, kisha uongeze kijani iliyopauka kama ya majani ya shubiri. Ukizidisha hapo, jangwa linapotea.

Pima kabla ya kuagiza. Meza ya duara yenye kipenyo cha sentimita 180 na kimo cha sentimita 75 inahitaji kitambaa chenye kipenyo cha sentimita 330 ili kifike sakafuni. Kitambaa kilichoishia nusu ya miguu ya meza huharibu kazi yote iliyofanyika juu yake. Omba kipande cha sampuli ukiangalie usiku, chini ya taa zilezile utakazotumia.

Mazulia ni ya kuazima au kukodi. Yale yaliyokwisha kutumika, yenye rangi zilizofifia, yanapendeza kuliko mapya. Yapange yakipandiana kidogo kwenye njia ya maharusi na mbele ya meza yao, kisha kingo zibandikwe kwa gundi ya utepe. Gauni refu na zulia lililokunjika havipatani.

Nafasi ya 3: mimea hai

Ndani ya nafasi hii, sakulenti ndogo, yaani mimea yenye majani manene yanayohifadhi maji, zinaizidi kaktasi. Echeveria, ile inayofanana na ua la waridi lililochongwa, hukaa siku kadhaa baada ya kukatwa bila maji wala udongo na isinyauke. Maua mabichi mengi hayawezi hivyo, na maana yake unaweza kununua mapema na kupanga bila presha. Zikiwa kwenye vyungu vidogo vya udongo, wageni wanaondoka nazo.

Kwa kaktasi, muulize muuzaji kama imeoteshwa kitaluni. Karibu jamii yote ya kaktasi inalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa uliotiwa saini mwaka 1973, na baadhi zinaendelea kung'olewa porini kwa ajili ya biashara. Usikubali harusi yako iwe sababu ya mmea uliokua kwa miongo mingi kung'olewa. Kuna na usalama. Mpungate, kaktasi yenye mashina bapa, una vinywele vidogo mno, havionekani vizuri kwa macho, vinavyong'oka kwa kuguswa tu na kuwasha ngozi kwa siku kadhaa. Usiuweke panapopita mikono ya watoto. Mnyaa nao usikatwe ovyo, utomvu wake mweupe ni hatari kwa macho.

Nafasi ya 4: nyasi kavu na matawi

Nyasi za pampas, zile ndefu zenye mashuke kama manyoya, zimeenea kila mahali kwenye picha za harusi. Ni nzuri, zinajaza nafasi haraka, ila zinapukutisha vumbi lake kwenye nguo nyeusi na zinashika moto upesi. Zisikae karibu na mshumaa hata kidogo. Mmea wenyewe asili yake ni Amerika Kusini, na umekuwa gugu sumbufu kiasi kwamba New Zealand imepiga marufuku kuuotesha na kuuuza. Mimi ningechukua tawi moja kubwa kavu, lenye umbo zuri, likasimama peke yake nyuma ya maharusi.

Upinde wa mbao wanaosimama chini yake maharusi unakuja baada ya hapo. Kodi. Wa pembetatu au mraba usio na maua mengi unatosha. Cha kuangalia ni uzito wa miguu yake, hasa ukitundika kitambaa mahali penye upepo.

Nafasi ya mwisho: mchanga

Wazo la kumwaga mchanga ukumbini huwajia wengi, na hesabu yake haivutii. Unene wa sentimita 2 tu kwenye mita 1 ya mraba unakula takribani kilo 32 za mchanga mkavu. Zidisha kwa ukubwa wa jukwaa, ongeza kazi ya kuubeba, kuuzoa, na viatu virefu vinavyozama. Nunua mfuko mmoja uliochekechwa, ujaze kwenye bakuli pana za udongo, usimike mishumaa minene humo. Mchanga unaishika isianguke, na nta inayodondoka haigusi kitambaa.