TAHADHARI: tapeli wa "tuzo za kimataifa" za makala za redio na TV

Wadau wa redio na TV, hasa mlioko redio jamii, kuna tapeli anajiita mratibu wa tuzo kanda ya Afrika Mashariki, Kiingereza chake kimenyooka na anaongea taratibu kama daktari anayekupa majibu. Amenipiga hela. Jina na namba ziko polisi kwa hiyo hapa siziweki, ila akikufikia utamjua tu.

Ile makala yetu ya redio ya wavuvi wanaovua kwa baruti wengi mnaijua. Imeili imeingia Ijumaa jioni niko studio, taarifa ya habari inakaribia, "majaji wetu London wamevutiwa na kazi yako", nikataka kufuta. Lakini jamani huyu mtu aliisikiliza! Alitaja kabisa pale mzee tunayemhoji anapokatisha sentensi, mlipuko unasikika kwa mbali baharini, kimya kidogo, halafu mzee anaendelea na habari za bei ya nyavu kana kwamba hakuna kitu. Eti majaji walirudisha nyuma kusikiliza tena. Kipande hichohicho nilichogombana na mhariri akitaka kukikata! Sasa mtu wa London anakisifia, wewe ungefanyaje?

Na msinianze na "tuzo ya kweli hailipishi". Inalipisha. Peabody, tuzo ya redio na TV ya kule Georgia Marekani, ambayo ipo tangu miaka ya 1940, ukipeleka kazi unalipia. Tuzo za AIB, chama cha watangazaji wa kimataifa cha Uingereza, nazo ada ipo. Na hiyo Peabody BBC Africa Eye, timu ya BBC ya habari za uchunguzi Afrika, waliibeba 2019 kwa uchunguzi wa mauaji ya wanawake na watoto Cameroon, kwa hiyo kazi ya huku kwetu kushinda siyo ndoto za mchana. Invoisi ya dola 390 ya "kombe na usajili wa mshindi" ilivyokuja, ina nembo, ina muhuri, ina saini ya mwenyekiti wa majaji, haikunishtua hata kidogo. Nikalipa. Bosi akarusha bango kwenye peji ya redio, mkuu wa wilaya akapiga simu hewani kutupongeza, nyumbani mama akachinja kuku.

Halafu ndo ikaja ya pili, kombe limekwama forodha, tuma laki nne leo leo kabla halijarudishwa Uingereza. Na mimi ndo huwa nacheka watu wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Nilivyotuma tu, simu haipatikani. Cheti cha PDF kikaja usiku na jina la redio limekosewa. Juzi mwenzetu mmoja wa Mombasa kanionyesha chake, kipengele kilekile, namba ya cheti ileile!!

Huyu mtu afungwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 tunaisikia kila siku kwa watu walioandika maneno tu, sasa huyu anayeiba kwa maneno mbona anatembea? Anyang'anywe kila kitu, asomwe hewani jina lake saa mbili usiku redio zote, na hiyo lafudhi yake akaongee na nyapara.

Dalili mnaniuliza inbox, haya. Hela ilienda kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Sisi hatukuwa tumepeleka kazi popote, na hizo tuzo za kweli ada unalipa unapopeleka kazi, kwenye tovuti yao, siyo ukishaambiwa umeshinda. Prix Italia, tuzo ya RAI, shirika la utangazaji la Italia, ndo kabisa, kazi zinapelekwa na mashirika wanachama, hakuna wa kukuibukia WhatsApp. Na ile haraka yake, kila kitu "leo leo".

Meseji zake zipelekeni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, namba 15040. Mwenye laini yake mpya anitumie haraka. Na nyie mnaocheka kwenye grupu la chuo nawaona, skrinshoti zimenifikia.