Nyumba ya kuhamishika hapa Kenya: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Kama ploti ni ya kukodi, ama ni ya familia na bado mnavutana, nyumba ya kuhamishika inakufaa sana. Shida ni kwamba nyingi zinazouzwa ukishaziweka chini hazitoki tena bila kubomolewa, kwa hivyo nimezipanga kwa swali moja tu: mwenye shamba akikwambia toka, itapanda lori?

1. Kontena halisi ya meli, futi 20

Hii bado ndio namba moja. Urefu mita 6 na kidogo, upana 2.44, ikiwa tupu haifiki tani 2.5, so lori la kawaida lenye kreni linaibeba bila kwenda KeNHA, wale wa barabara kuu, kutafuta kibali cha mzigo mkubwa. Ukienda yadini ingia ndani umwambie jamaa akufungie milango yote, ukiona vitundu vya mwanga juu kama nyota ujue mvua itakutembelea. Halafu inama uangalie vyuma vya chini ya sakafu, kutu ya juujuu si neno, ila ukigonga na nyundo kipande kikabanduka achana nayo. Ulizia pia karatasi za ushuru wa KRA kabla hujatoa hata bob.

Ubaya wake ni joto, na Kilifi ama Kisumu bila foumu ya kuzuia joto ukutani na paa la pili la mabati lililoinuliwa hewa ipite, mchana hukai humo. Na usikate madirisha ovyo, zile kuta za mikunjo ndizo zinabeba, kila tundu lizungushiwe fremu ya skwea tyubu (chuma cha mraba chenye uwazi ndani), la sivyo siku ya kuinuliwa inajipinda na mlango haufungi tena.

2. Ya kuchomelewa na fundi

Hizi ndizo zimejaa kando ya barabara, fremu ya chuma imevalishwa mabati. Ni nyepesi, na unachagua saizi. Hapa kila kitu ni fundi: wengi wanaweka chini vityubu vyembamba, ikiinuliwa katikati inabonyea. Dai ndoano za kuinulia kwenye kona nne, na usimalize kulipa mpaka uione ikiwa hewani kwenye kreni. Utashawishiwa uchukue upana wa mita 3 ndio chumba kiwe kikubwa, kataa, hapo ndio unaingia mambo ya vibali vya barabara kila ukihama.

3. Ya paneli za kufunga kwa bolti

Kwa kuzuia joto inaishinda kontena tupu kabisa. Lakini uliza ndani ya paneli kuna nini, ile foumu nyeupe ikishika moto inaenda haraka na moshi wake ni sumu, bora ya pamba ya mawe hata kama ni bei zaidi. Na kwa kuwa ni nyepesi lazima ifungwe chini vizuri, upepo hauna huruma.

4. Ya mbao

Limuru ama Nanyuki inapendeza, ila mchwa. Kuhama ni kuifungua vipande vipande.

5. Ya magurudumu

Trela ni gari kisheria, inasajiliwa NTSA, wale wa usajili wa magari, na kupewa namba yake. Kama huburuti nyumba kila wakati, pesa hiyo weka kwa foumu.

Sasa kaunti. Watu wanadhani kitu kisicho na msingi hakiihusu kaunti. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya kuanza ujenzi, na faini inafika shilingi 500,000 ama jela miezi 2, ama vyote viwili. Nenda ofisi ya mipango na mchoro pamoja na barua ya mwenye ardhi, uulizie majengo ya muda, na ufanye hivyo kabla lori halijaitwa maana wakikukuta ushaiweka mazungumzo yanakuwa mengine. Kwenye hifadhi ya barabara, yaani ile ardhi ya kando iliyotengewa barabara, usiweke hata kwa wiki moja.

Choo ndicho wengi wanasahau: shimo halihami, so mwambie fundi bomba zote zitokee upande mmoja na ziwe za kufungua kwa mkono, zisigundishwe.